Kwa nini behewa lako liko pale lilipo: mpangilio wa treni za safari ndefu

Dar es Salaam ina reli za aina tatu, na behewa la reli moja haliwezi kupita juu ya reli nyingine. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwenda New Kapiri Mposhi nchini Zambia, kilomita 1,860, ina milimita 1,067. Reli ya kisasa, SGR, iliyoanza kubeba abiria kwenda Morogoro na kisha Dodoma mwaka 2024, ina milimita 1,435. Milimita 67 tu zinatenganisha Reli ya Kati na TAZARA, lakini zinatosha kuzuia upande mmoja kuazima behewa kwa mwenzake siku abiria wamefurika. Pale Kidatu, ambapo reli hizo mbili hukutana, mzigo ni lazima ushushwe na kupakiwa upya.

Pamoja na tofauti hizo, anayepanga treni katika reli yoyote kati ya hizo anajibu maswali yaleyale. Kichwa, yaani injini inayovuta treni, kitamudu mlima gani? Upepo wa breki, yaani hewa iliyoshindiliwa bombani, utafikaje behewa la mwisho? Umeme wa taa na viyoyozi unatoka wapi? Treni itakatwa wapi njiani? Abiria anayekuta daraja la tatu limewekwa kule na behewa la mgahawa hapa katikati hudhani ni mazoea tu ya stesheni. Kwa kweli mpangilio huo umeamuliwa na mlima mkali kuliko yote njiani pamoja na stesheni ambayo treni itagawanywa, na vyote viwili vinaweza kuwa mamia ya kilomita kutoka Dar.

Mlima ndio unaoamua vichwa viwe vingapi

Chukua treni ya mabehewa 12, kila moja lina tani 40 pamoja na abiria, mizigo na maji. Hizo ni tani 480. Ongeza kichwa cha dizeli cha tani 100, unapata tani 580. Kwenye tambarare na kwa mwendo wa wastani, gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halina ubishi mkubwa: ni kama newtoni (kipimo cha nguvu) 20 kwa kila tani, yaani kilonewtoni 12 hivi kwa treni nzima. Sasa iingize treni hiyo kwenye mlima unaopanda mita 1 kwa kila mita 50. Uzito wake wenyewe unaivuta nyuma kwa kilonewtoni 114, kwa hiyo kichwa kinadaiwa zaidi ya mara kumi ya kile kilichodaiwa tambarare.

Kichwa cha nguvu za farasi 2,000 hupoteza sehemu ya nguvu hizo ndani ya jenereta na mota zake, na kinachofika kwenye magurudumu ni asilimia 80 hivi. Ukipiga hesabu, treni yetu itapanda mlima huo kwa kilomita 34 kwa saa. Ukifunga kichwa cha pili cha aina hiyohiyo, mwendo unafika kilomita 58 kwa saa. Haukuongezeka mara mbili kwa sababu kichwa cha pili nacho ni tani 100 zinazotakiwa kupandishwa.

Hata hivyo, mwendo mdogo haumkoseshi dereva usingizi kama kukosa mshiko. Reli ikiwa kavu, kichwa kinaweza kuvuta kwa nguvu inayofikia takriban robo ya uzito wake, na kwa tani 100 hizo ni kilonewtoni 245, karibu mara mbili ya mahitaji ya mlima wetu. Ukija umande wa alfajiri, manyunyu ya kwanza baada ya kiangazi, au majani yaliyosagwa pamoja na mafuta yaliyodondoka relini, mshiko unaweza kushuka hadi asilimia 12. Hapo kichwa kina kilonewtoni 118 wakati mlima unadai 126. Magurudumu yanazunguka palepale, yanakwangua reli, na treni inasimama. Mvua kubwa ina nafuu kidogo maana huosha reli. Manyunyu ndiyo mabaya. Dawa yake ni mchanga mkavu uliochekechwa, unaopulizwa kwa upepo mbele ya magurudumu. Mchanga ukiloa ndani ya sanduku hauteremki, kwa hiyo kuukagua kabla ya kuondoka ni kazi ya lazima hata kama njia yote ni kavu.

Ukilijua hilo, historia ya TAZARA inaeleweka vizuri. Kati ya Mlimba na Makambako reli inapanda kutoka bonde la Kilombero hadi nyanda za juu, na sehemu kubwa ya mahandaki 22 ya reli hiyo iko huko. Vichwa vya kwanza, vya dizeli-haidroli (injini huzungusha magurudumu kwa msukumo wa mafuta) kutoka China, vilielemewa na mlima huo, na miaka ya 1980 TAZARA ikaleta vichwa vya dizeli-umeme vya U30C, muundo wa General Electric: 30 ni farasi 3,000, na C ni ekseli tatu zenye mota kwa kila bogi, yaani fremu ya magurudumu iliyo chini ya kichwa. Kwenye Reli ya Kati, kazi ya namna hiyo iko kati ya Saranda na Manyoni, mahali reli inapopanda ukuta wa Bonde la Ufa.

Vichwa viwili vikiwekwa mbele, kuna njia mbili za kuviendesha. Ya kwanza ni kuviunganisha kwa kebo ya udhibiti, dereva mmoja akaongoza vyote: akisogeza mkono wa nguvu kwenye kichwa cha mbele, cha nyuma kinamfuata. Ya pili, pale ambapo kebo haipo au vichwa ni vya aina zisizosikilizana, kila kichwa kina dereva wake. Hapa kuna kosa moja la kuogopwa. Valvu ya breki ya kichwa cha pili lazima ifungwe itoke kazini, ibaki ile ya mbele peke yake. Zikiachwa zote mbili, dereva wa mbele anapotoa upepo ili treni ishike breki, kichwa cha pili kinaona upepo umepungua na kuanza kuurudisha. Breki zinashika nusunusu au haziitikii kabisa.

Kichwa cha pili kinaweza pia kuwekwa nyuma kisukume. Faida yake ni kwamba viungio vya mabehewa ya mbele havibebi mzigo wote. Hasara ni kwamba behewa linalosukumwa kwenye kona hutaka kutoka nje ya mstari, na kwenye reli nyembamba yenye kona kali, behewa jepesi lililobanwa kati ya kichwa cha nyuma na mabehewa mazito linaweza kunyanyuka gurudumu. Ndiyo sababu msukumo wa nyuma huwekewa kikomo, na mabehewa mepesi hayawekwi karibu na kichwa kinachosukuma.

Upepo wa breki: hapa hakuna mjadala

Mambo mengine yote katika mpangilio yanaweza kujadiliwa, lakini breki haijadiliwi. Breki za upepo za treni hufanya kazi kinyume na watu wengi wanavyofikiri: upepo ukiwepo kwenye bomba kuu, breki zimeachia, upepo ukitoka, breki zinashika. Bomba hilo linapita chini ya mabehewa yote, na kati ya behewa na behewa linaunganishwa kwa mpira. Katika mfumo unaotumika sana duniani, treni iliyo tayari kuondoka ina bar 5 kwenye bomba (bar ni kipimo cha msukumo wa hewa). Dereva akiteremsha hadi bar 4.5 breki zinashika kidogo. Akifika bar 3.5 zimeshika kwa nguvu yake yote ya kawaida. Kila behewa lina tangi lake na valvu yake inayohisi upungufu huo na kupeleka upepo wa tangi kwenye silinda ya breki. Mpira ukikatika, au treni ikikatika vipande viwili, upepo unatoka wote na pande zote mbili zinasimama zenyewe.

Taarifa ya upungufu wa upepo husafiri kwenye bomba kwa takriban mita 250 kwa sekunde wakati wa breki ya dharura. Treni ya mita 400 basi inahitaji zaidi ya sekunde moja na nusu ili behewa la mwisho lijue kuna breki. Katika muda huo mabehewa ya mbele yameshaanza kupunguza mwendo na ya nyuma bado yanasukuma. Ule mgongano abiria wanaousikia ukikimbia kutoka mwisho mmoja hadi mwingine chanzo chake ni hicho. Treni ikiwa ndefu, au ikichanganya mabehewa yenye breki za haraka na ya zamani yenye breki za polepole, mishtuko huongezeka. Mpangaji mzuri huepuka kuchanganya aina hizo ovyo.

Kazi ya kuunga treni yadini huenda hivi. Kichwa cha sogeza, yaani kile cha kupanga mabehewa yadini, huleta mabehewa kwa mwendo wa mtu anayetembea. Viungio vikishajifunga, kichwa huvuta kidogo kuhakikisha vimeshikana kweli, kwa sababu kiungio kinaweza kuonekana kimefunga kumbe pini yake haijashuka. Ndipo mipira ya upepo inaunganishwa, kisha kebo za umeme, kisha daraja la kupitia abiria kati ya mabehewa. Koki, yaani bilauri za kufungua na kufunga bomba la upepo kwenye ncha za kila behewa, hufunguliwa kuanzia upande wa kichwa kuelekea nyuma, polepole. Bomba likijaa, fundi wa mabehewa anatembea na treni nzima: dereva anashika breki, fundi anaangalia kila silinda imetoka na kila kipande cha breki kimegusa gurudumu, dereva anaachia, fundi anahakikisha kila kipande kimerudi. Mwisho kabisa inafunguliwa koki ya behewa la nyuma, na geji ya dereva kule mbele lazima ishuke. Isiposhuka, kuna koki imefungwa mahali fulani katikati.

Koki moja iliyosahaulika ndiyo hitilafu ya hatari kuliko zote katika kazi hii, na inajificha vizuri. Treni inaondoka kama kawaida kwa sababu mabehewa ya nyuma ya koki hiyo yalishajazwa upepo na breki zake zimeachia. Dereva hahisi lolote mpaka anapohitaji kusimama, ndipo anagundua ana breki za mabehewa manne badala ya 14. Kwa hiyo kanuni ya reli zote makini ni moja: ukiongeza behewa, ukipunguza behewa, au ukibadilisha kichwa, jaribio la breki linarudiwa kabla magurudumu hayajasogea. Kuchelewa dakika 20 kwa ajili ya jaribio hilo ni haki ya abiria, na hakuna mkuu wa stesheni anayepaswa kuona haya kuitetea.

Jambo la pili la kulijua ni kwamba upepo huvuja. Treni iliyosimama mlimani inashikiliwa na upepo uliomo kwenye matangi ya mabehewa, na kila valvu na kila mpira hupoteza kidogo. Baada ya muda fulani breki zitaachia zenyewe. Hivyo treni ikikwama mlimani, au kichwa kikitolewa, breki za mkono za mabehewa ya kutosha lazima zifungwe na kabari ziwekwe chini ya magurudumu. Tarehe 24 Juni 2002, eneo la Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda ilirudi nyuma kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Mtu anayefanya kazi ya kufunga na kufungua koki Tanzania anapaswa kuijua tarehe hiyo.

Upepo unaweza kuisha pia kwenye mteremko. Dereva anayeshika na kuachia breki mara nyingi mfululizo hutumia upepo wa matangi haraka kuliko kompresa inavyoweza kuurudisha. Treni nyingi za abiria siku hizi zina mabomba mawili kwa sababu hii: moja la kuamuru breki, jingine la kujaza matangi wakati wote. Ukisimama jukwaani ukaangalia kati ya mabehewa mawili utaiona mipira miwili upande mmoja au pande mbili za kiungio. Na dereva mwenye akili huteremka akitumia kwanza breki ya mota: mota za kichwa zinageuzwa jenereta, zinazuia treni, na umeme wake unaunguzwa kuwa joto juu ya paa la kichwa au, kwa kichwa cha umeme, unaweza kurudishwa kwenye nyaya.

Umeme wa taa, feni na viyoyozi

Mabehewa ya zamani yalijitegemea. Chini ya kila behewa kulikuwa na dinamo iliyozungushwa na ekseli kwa mkanda, ikichaji betri. Mfumo huo unafaa kwa taa na feni, na una faida kwamba behewa lolote linaweza kuwekwa popote. Kasoro yake inajulikana kwa kila aliyewahi kusafiri usiku: treni ikisimama saa nyingi, betri zinaisha, taa zinafifia, na mkanda ukikatika behewa moja linabaki giza wakati majirani wana mwanga.

Kiyoyozi kilibadilisha hesabu. Behewa lenye kiyoyozi linaweza kuhitaji kilowati 40 au zaidi, na mabehewa 12 yanafika kilowati 480, sawa na farasi 640 hivi. Umeme huo ukitolewa na kichwa chetu cha farasi 2,000, theluthi moja ya nguvu imeondoka, na pale mlimani tulipopanda kwa kilomita 34 kwa saa sasa tutapanda kwa 23. Marekani ilichagua njia hiyo: vichwa vya treni za abiria hupeleka umeme wa volti 480 kwa treni nzima, na treni nzito za kuvuka milima hupewa vichwa viwili, kimoja kikitoa umeme wa mabehewa, cha pili kina nguvu zake zote kwa ajili ya kuvuta. India kwa muda mrefu ilipendelea behewa la jenereta, na treni zake nyingi za mwendo kasi zilibeba mawili, moja kila mwisho, ili moja likifa jingine libebe mzigo. Sasa India inahamia kwenye umeme unaotoka kwa kichwa, na nafasi ya jenereta moja inabaki kwa matumizi mengine.

Behewa la jenereta haliwekwi katikati ya treni. Lina kelele, lina moshi, lina matangi ya dizeli, na hakuna abiria anayepaswa kupita ndani yake. Likiwa mwishoni linafanya pia kazi ya kinga, jambo nitakalolirudia hapa chini.

Kwa SGR suala hili ni jepesi zaidi, maana umeme wa volti 25,000 uko juu ya reli na kichwa kinapunguza sehemu ndogo kwa ajili ya mabehewa. Kuna sehemu za njia, hata hivyo, ambapo waya wa juu hauna umeme kwa makusudi, kutenganisha eneo la kituo kimoja cha umeme na kingine. Treni inapita hapo kwa kasi yake bila kuvuta. Kiyoyozi kikinyamaza ghafla kwa sekunde chache na kuanza tena, huenda ndipo mlipopita.

Nani akae karibu na nani

Baada ya uzito, breki na umeme, ndipo wanafikiriwa watu. Behewa la mizigo na vifurushi huwekwa mwisho mmoja, mara nyingi nyuma ya kichwa, kwa sababu tatu: abiria hawana haja ya kupita ndani yake, linaweza kupakiwa bila kuzuia milango ya abiria, na ikitokea ajali ya uso kwa uso ndilo linalopokea pigo. Mabehewa ya kulala hukaa mbali na honi na injini, na pasipo watu wengine kupita. Behewa la mgahawa hukaa kati ya madaraja, ili wa kulala walifikie kutoka upande mmoja na wa kukaa kutoka upande mwingine. Ukiliweka nyuma ya mabehewa ya kulala, treni nzima itapita kwenye korido zao kutafuta chai saa kumi na moja alfajiri.

Madaraja ya bei nafuu, kwenye nchi nyingi, huishia kwenye ncha za treni. India huweka mabehewa yasiyo na nafasi maalumu mbele na nyuma, ili umati ugawanyike jukwaani badala ya kujazana mahali pamoja. Sababu hiyo ina mantiki. Lakini ncha ndizo zinazogongwa, na si haki kwamba mwenye tiketi ya chini ndiye awe kinga ya wengine. Kuweka behewa la mizigo au la jenereta kila mwisho ni jambo linalowezekana kwa reli yoyote, na lingefaa liwe sharti.

Urefu nao una mipaka, na haupangwi na nguvu ya kichwa peke yake. Kwenye reli ya njia moja, treni zinapishana stesheni kwenye njia za kupishania. Treni ndefu kuliko njia hiyo haiwezi kuingia yote, na mkia wake unabaki kuziba njia kuu. Jukwaa fupi lina adha yake pia: abiria wa mabehewa ya mwisho wanashuka kwenye kokoto, na kwa mama mwenye mtoto na mzigo hicho ni kimo cha hatari.

Nyuma ya behewa la mwisho hufungwa taa. Haikuwekwa kwa ajili ya kuwaonya walio nyuma tu. Mkuu wa stesheni anapoiona taa hiyo ikipita, anajua treni imefika nzima na hakuna behewa lililobaki njiani. Asipoiona, sehemu ya njia iliyo nyuma inahesabiwa bado ina treni na hairuhusiwi nyingine kuingia hadi ithibitishwe.

Treni inayokatwa njiani

Tabora ni mahali pa kuielewa kazi hii. Njia ya kutoka Dar inagawanyika hapo, moja inaendelea Kigoma na nyingine inaelekea Mwanza, na treni moja imekuwa ikiondoka Dar na mabehewa ya pande zote mbili. Kila kundi lazima likae pamoja kama kipande kimoja chenye kila kitu chake: daraja la kulala, daraja la kukaa, mahali pa mizigo. Behewa moja la Mwanza likiingizwa kimakosa kati ya yale ya Kigoma, kazi ya kukata mara moja inageuka kazi ya kukata mara tatu, kulisogeza pembeni na kuunga upya, pamoja na jaribio la breki kila mara, abiria wakiwa wamelala ndani.

Kipande kitakachobaki ndicho cha kuangaliwa zaidi. Kwanza breki zinashikwa. Kisha koki ya upande wa kichwa inafungwa, ile ya kipande kinachobaki inaachwa wazi ili upepo wake utoke na breki zake zishike kabisa, na breki za mkono zinafungwa. Mfanyakazi akifunga koki zote mbili kwa kutaka kuokoa muda wa kujaza upepo baadaye, amefungia upepo ndani ya bomba. Msukumo ndani ya bomba hilo unaposawazika unaweza kuachia breki, na mabehewa yaliyojaa watu yakabaki bila kizuizi wala kichwa. Mpira nao usitenganishwe kabla upepo haujatoka. Unapiga kwa nguvu ya kuvunja mkono.

Swali lisilo na jibu zuri ni behewa la mgahawa liende na nani. Marekani treni ya Empire Builder kutoka Chicago hukatwa Spokane: behewa la chakula linaenda Seattle, behewa la mapumziko lenye madirisha makubwa linaenda Portland, na wa Portland wanapewa chakula baridi cha sanduku. Uingereza treni ya usiku ya Caledonian Sleeper huondoka London ikiwa na mabehewa 16 na kukatwa Edinburgh vipande vitatu, vya Aberdeen, Inverness na Fort William. Huko abiria akikosea behewa anaamka mji mwingine kabisa, kwa hiyo tiketi inataja behewa na wahudumu wanaikagua mlangoni kabla ya kupanda.

Mchongoko: treni isiyokatwa

Treni ya mchongoko ya SGR haina kichwa cha kuvuta. Ni mabehewa manane yaliyofungwa pamoja kiwandani, yenye chumba cha dereva kila mwisho, na mota zake ziko chini ya sakafu ya baadhi ya mabehewa. Kwa kuwa magurudumu mengi yanavuta kwa pamoja, tatizo la mshiko tulilolipigia hesabu mlimani linapungua sana: badala ya tani 100 za kichwa kushika reli, ni uzito wa nusu ya treni au karibu yake. Inachukua kasi haraka baada ya kila stesheni. Ikifika mwisho wa safari, dereva anatembea hadi upande wa pili na treni iko tayari.

Gharama yake ni kukosa unyumbufu. Sikukuu zikifika huwezi kuongeza behewa moja. Utaongeza seti nzima au usiongeze. Behewa moja likiharibika, yote manane yanaingia karakana. Ukiunga seti mbili zenye pua iliyochongoka, abiria hawawezi kupita kutoka seti moja hadi nyingine, na huduma zilizo upande mmoja haziwafikii wa upande wa pili. Kwa Dar–Dodoma, safari ya saa chache yenye abiria wengi kila siku, mchongoko unafaa kabisa. Kwa safari ya siku mbili yenye madaraja ya kulala, mizigo ya sokoni na njia inayogawanyika, kichwa na mabehewa bado vina nafasi yake. SGR yenyewe inatumia vyote viwili.

Treni ya kichwa ikifika mwisho, kichwa kinakatwa, kinapita njia ya pembeni na kufungwa upande wa pili. Mabehewa hayageuzwi. Lililokuwa la kwanza nyuma ya kichwa wakati wa kwenda litakuwa la mwisho wakati wa kurudi, na daraja la kulala lililokuwa mbali na honi linaweza kujikuta mlangoni pa injini, isipokuwa yadi ipange upya. Kwa msafiri, maana yake ni kwamba kumbukumbu ya "behewa letu lilikuwa mbele" haisaidii kitu siku ya kurudi. Soma namba iliyobandikwa ubavuni mwa behewa, ilinganishe na ya tiketi, na ukiwa na safari inayopita Tabora soma pia kibao cha mwisho wa safari kabla hujapandisha mizigo.